Mita Inayorudi Nyuma: Historia ya Ahadi Walizopewa Wenye Sola

Leo tunaweka kando hifadhidata na lugha za programu, tuzungumze juu ya stima. Usiondoke bado. Mwishoni utaona kwamba ni hadithi ya programu vilevile.

Waandishi wa programu hapa Nairobi wakianza kuongea juu ya sola, mazungumzo huishia kwenye swali moja: mbona serikali yetu haitusaidii jinsi wenzetu wa Marekani na Ujerumani wanavyosaidiwa? Swali ni zuri, lakini linachukulia kwamba wenzetu hao wamepewa msaada na wakaachwa nao. Ukifuatilia historia yenyewe unakuta kitu kingine. Ni historia ya watu kupewa, kunyang'anywa, kurudishiwa, na kunyang'anywa tena. Nami naona fundisho lake kwetu haliko sana katika ukubwa wa ruzuku. Liko katika jambo ambalo kila mwandishi wa programu analijua: ukishawaahidi watu kitu, nao wakajenga juu yake, je, una haki ya kukibadilisha usiku wakiwa wamelala?

Haya, tuanze mwanzo.

Mafuta yapanda, Washington yaamka

Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zinazouza mafuta ziliinyima Marekani mafuta kwa sababu ya kuiunga mkono Israeli vitani. Pipa lililokuwa likiuzwa karibu dola 3 lilifika karibu dola 12 mwanzoni mwa 1974. Wamarekani walipanga foleni kwenye vituo vya petroli, na kwa mara ya kwanza wanasiasa wakaanza kuiangalia nyumba ya kawaida kama mahali ambapo nishati inapotea bure.

California ilitangulia. Mwaka wa 1976 ilianza kuwapunguzia kodi ya mapato wale walioweka vifaa vya sola nyumbani, na mwaka uliofuata punguzo hilo likapandishwa hadi asilimia 55 ya gharama. Serikali kuu ikafuata. Tarehe 9 Novemba 1978 Rais Jimmy Carter alitia sahihi mfululizo wa sheria za nishati. Moja iliwapa wenye nyumba punguzo la kodi: asilimia 30 ya dola 2,000 za kwanza walizotumia kwa sola au upepo, na asilimia 20 ya dola 8,000 zilizofuata. Mwaka wa 1980 kiwango kikawa asilimia 40 ya dola 10,000. Aliyeziba nyufa za nyumba yake na kuweka kizuia joto kwenye dari alipata punguzo lake dogo, lisilozidi dola 300.

Sheria nyingine ya siku hiyohiyo ilizilazimu kampuni kubwa za umeme kutoa huduma ya kukagua nyumba za wateja na kuwaeleza wapi umeme unapotea. Ya tatu, inayojulikana kwa kifupi kama PURPA, ilizilazimu kununua umeme kutoka kwa wazalishaji wadogo, kwa bei inayolingana na gharama ambayo kampuni yenyewe ingeingia kuuzalisha au kuununua kwingine. Hebu fikiria uzito wa jambo hilo. Tangu enzi za Thomas Edison, umeme ulitoka kwenye kampuni kwenda kwa mteja. Sasa sheria ilisema unaweza pia kutoka kwa mteja kwenda kwenye kampuni, na kampuni italipa.

Tarehe 20 Juni 1979 Carter alizindua paneli 32 za kupasha maji joto juu ya paa la Ikulu ya Marekani. Katika hotuba yake alisema kwamba baada ya kizazi kimoja, mtambo huo ungekuwa ama kioja cha kuwekwa kwenye jumba la makumbusho ama sehemu ndogo ya safari kubwa ya taifa. Aliona mbali kuliko alivyodhani. Mwaka wa 1986, wakati wa Ronald Reagan, paneli ziliteremshwa paa lilipokuwa likitengenezwa, na hazikurudishwa. Moja yake leo iko katika makumbusho ya Smithsonian.

Punguzo la kodi nalo lilikuwa limekufa mwisho wa 1985. Bei ya mafuta ilianguka mwaka uliofuata. Kampuni nyingi zilizokuwa zikifunga sola zilifunga milango, na maelfu ya familia wakabaki na mitambo juu ya paa bila fundi wa kuitengeneza. Hilo ndilo tukio la kwanza la kukumbuka: msaada ulipokatika ghafla, hasara haikuishia kwa kampuni. Aliyekuwa ameshanunua pia aliumia.

Mita iliyozunguka kinyume

Wakati huohuo kitu kingine kilikuwa kikizaliwa, kimya kimya. Mbunifu wa majengo Steven Strong alikuwa akiunganisha majengo yenye sola na waya za kampuni ya umeme huko Massachusetts kuanzia 1979. Mita za siku hizo zilikuwa na kisahani kinachozunguka. Umeme ukiingia nyumbani kisahani huzunguka upande mmoja. Umeme wa sola ukizidi matumizi ya nyumba na kutoka nje, kisahani hugeuka na kuzunguka kinyume. Tarakimu zikashuka.

Kwa lugha yetu: kumbe kihesabio kilikuwa kinakubali kupungua. Hakuna aliyekuwa amekikataza.

Mwaka wa 1983 jimbo la Minnesota liliufanya ujanja huo kuwa sheria kwa mitambo isiyofika kilowati 40. Fomula yake inaingia kwenye mstari mmoja:

bili = (uniti ulizochukua − uniti ulizotoa) × bei

Ukichukua uniti 200 usiku na kutoa 120 mchana, unalipia 80. Hakuna fomu ya kodi, hakuna hundi kutoka kwa serikali. Ruzuku yote imefichwa ndani ya alama ya kutoa. Kwa sababu hiyo mpango huu ulienea haraka kuliko mingine: mwananchi wa kawaida anauelewa akiangalia mita tu. Na kwa sababu hiyohiyo, kama tutakavyoona, ukaja kuleta ugomvi mkubwa kuliko mingine yote.

(Angalizo kwa mafundi: usidhani mita yako ya kidijitali itafanya hivyo. Ziko mita ambazo huhesabu umeme unaotoka kana kwamba umeingia, kwa sababu programu yake inatupa alama ya kutoa na kubaki na tarakimu. Unampa jirani stima, halafu unaulipia wewe! :-) )

Sacramento: kampuni iliyowasikiliza wenyeji

Si kila kampuni ya umeme ilisubiri kulazimishwa. Mji wa Sacramento, California, una kampuni ya umeme inayomilikiwa na umma. Juni 1989 wapiga kura wake waliamua kuufunga mtambo wa nyuklia wa Rancho Seco. Megawati 913 ziliondoka kwa kura. Umeme wa kuziba pengo ungetoka wapi?

Chini ya meneja S. David Freeman, kampuni iliamua kwamba uniti ambayo mteja haitumii ina thamani sawa na uniti inayozalishwa. Iliwalipa watu waachane na friji kuukuu zinazokula umeme. Iligawa miti bure ipandwe upande wa nyumba unaopigwa na jua la mchana, kivuli kipunguze kazi ya viyoyozi. Kisha mwaka wa 1993 ikaanza kuweka paneli zake yenyewe juu ya mapaa ya wateja waliojitolea. Wateja hao hawakupewa punguzo. Walikubali kulipa nyongeza ya dola chache kila mwezi kwa sababu walitaka jambo hilo lifanikiwe.

Naipenda sehemu hii ya historia kwa sababu inavunja ile dhana kwamba kampuni ya stima na mwenye sola lazima wawe maadui.

Japani na Ujerumani: msaada unaojua kushuka

Japani ilianza mwaka wa 1994 kulipa karibu nusu ya gharama ya sola ya nyumbani, na kila mwaka ikapunguza kiasi hicho kadiri bei ya vifaa ilivyoshuka, hadi ilipousimamisha mpango huo katikati ya miaka ya 2000. Ujerumani ilikwenda njia nyingine. Ilianza 1990 na mpango wa mapaa 1,000, ikafuata sheria ya 1991 iliyozilazimu kampuni za umeme kununua umeme wa upepo na jua kwa asilimia 90 ya bei ya rejareja. Kwa upepo ilitosha. Kwa sola, iliyokuwa ghali mno, haikutosha. Miji michache, ukiwemo Aachen, ikaamua kumlipa mwenye sola bei inayorudisha gharama yake yote.

Wazo hilo likaingia kwenye sheria ya taifa mwaka wa 2000, wabunge Hermann Scheer na Hans-Josef Fell wakiwa miongoni mwa waliolipigania. Ilisema hivi: weka sola leo, nasi tutanunua kila uniti kwa pfennig 99 kwa miaka 20. Atakayeweka baadaye atapata bei ndogo kidogo, ikishuka asilimia 5 kila mwaka. Lakini bei yako wewe haiguswi.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho, maana ndiyo injini ya mambo yote. Benki iliweza kumkopesha mkulima wa Bavaria kwa sababu mapato ya miaka 20 yaliandikwa kwenye sheria. Viwanda viliweza kujengwa kwa sababu wanunuzi walikuwa na uhakika. Na bei iliposhuka duniani, tukafaidika hata sisi ambao hatukuchangia senti.

Aliyelipa ni nani? Wateja wa umeme wa Ujerumani, kupitia tozo iliyofika senti 6.24 za yuro kwa kila uniti mwaka wa 2014. Viwanda vikubwa vilisamehewa sehemu kubwa ya tozo hiyo. Mama mjane katika nyumba ya kupanga hakusamehewa. Tozo ilishushwa hadi sifuri Julai 2022, na gharama ikahamishiwa kwenye bajeti ya serikali.

California: ruzuku iliyoandikwa kama algoriti

California ilikuwa na hesabu ya mita inayorudi nyuma tangu sheria ya 1995. Mwaka wa 2007 ikaongeza mpango wa takriban dola bilioni 2.2, lengo likiwa megawati 1,940. Uzuri wake ulikuwa katika muundo. Badala ya kusema ruzuku itaisha tarehe fulani, iliigawa katika hatua kumi. Kila megawati za hatua moja zikijaa, kiwango hushuka chenyewe: mwenye nyumba alianza kwa dola 2.50 kwa kila wati, na katika hatua ya mwisho ikawa senti 20. Foleni ikienda mbio, bei inashuka mbio. Ikilegea, bei inangoja. Kila mtu aliweza kuona hatua iliyobaki. Hakuna mwanasiasa aliyehitaji kuamka asubuhi na kutangaza.

Serikali kuu nayo ilikuwa imerudi. Sheria ya 2005 ilileta punguzo la asilimia 30 kuanzia 2006, lisizidi dola 2,000. Kikomo hicho kiliondolewa kuanzia 2009.

Nevada, Desemba 2015

Sasa tufike pale penye uchungu.

Nevada ni jangwa lenye jua tele. Maelfu ya familia, hasa Las Vegas, walikuwa wameweka sola wakiamini fomula ile ya mstari mmoja. Siku chache kabla ya Krismasi ya 2015, tume inayosimamia huduma za umma ya jimbo ilipitisha viwango vipya. Kusini mwa jimbo, ada ya kila mwezi ingepanda kwa awamu kutoka dola 12.75 hadi 38.51. Malipo ya uniti inayotolewa yangeshuka kwa awamu kutoka karibu senti 11 hadi senti 2.6.

Kubadilisha bei ni haki ya tume. Kilichowasha moto ni kwamba viwango hivyo viliwahusu hata wale waliokuwa wameshafunga. Mstaafu aliyekopa akipiga hesabu kwamba mtambo utajilipa, aliambiwa hesabu yake si hesabu tena. Kampuni ya SolarCity ilitangaza kuacha kuuza jimboni humo na mamia ya wafanyakazi wakapoteza kazi. Watu waliandamana mbele ya tume.

Kwetu sisi hili lina jina. Ukitoa toleo jipya la programu na kuanzia leo wateja wapya watumie masharti mapya, hakuna wa kukulaumu sana. Lakini ukibadilisha toleo la zamani ambalo watu wanalitumia, na programu zao zikaanguka wakati hawakugusa chochote, umevunja ahadi. Hata kama masharti mapya ni mazuri zaidi kihesabu.

Nevada ilijirudi. Septemba 2016 ilikubali kwamba wateja wa zamani wapatao 32,000 waendelee na masharti yao kwa miaka 20. Juni 2017 gavana Brian Sandoval alitia sahihi sheria iliyowapa wateja wapya asilimia 95 ya bei ya rejareja, ikishuka hatua kwa hatua kila megawati 80 zinapojaa. Yaani baada ya mateso yote hayo walifika palepale California ilipoanzia: ngazi inayoonekana, na kila mtu abaki kwenye kidato alichopandia.

Hispania haikujirudi kwa urahisi hivyo. Iliahidi bei nono mwaka wa 2007, watu wakakimbilia, kisha mwaka wa 2010 na 2013 ikapunguza mapato ya mitambo iliyokwishajengwa. Wawekezaji wa kigeni waliishtaki mbele ya mabaraza ya usuluhishi ya kimataifa. Mhispania wa kawaida aliyeweka akiba yake katika sola hakuwa na mlango huo wa kubisha.

Jirani asiye na paa

Tusiwe upande mmoja tu. Kampuni za umeme zina hoja, na si hoja ya uongo. Nguzo, waya, transfoma na mafundi wa usiku hulipiwa kupitia bei ya uniti. Mwenye sola akipunguza bili hadi karibu sifuri, bado anaitumia waya ile kila jioni, ila mchango wake umepungua. Pengo hilo hulipwa na wengine, na mara nyingi wengine hao ni wapangaji wasio na paa la kuwekea chochote.

Ndiyo maana California ilibadilisha masharti: kwa waliotuma maombi baada ya 14 Aprili 2023, malipo ya umeme unaotolewa yalishuka kwa karibu robo tatu. Biashara ya mafundi ilipata pigo kubwa. Lakini angalia tofauti: walioingia kabla walibaki na masharti yao kwa miaka 20 tangu walipounganishwa. Hali kadhalika serikali kuu. Sheria ya 2022 iliahidi punguzo la asilimia 30 hadi 2032. Sheria iliyotiwa sahihi 4 Julai 2025 ikalikata mwisho wa mwaka huohuo. Waliopanga kuweka sola 2026 walipoteza. Waliokuwa wameshamaliza hawakudaiwa kitu.

Na sisi je?

Kenya ina historia yake, tena ya ajabu. Soko letu la sola lilianza miaka ya 1980 vijijini, kwa wakulima na walimu waliojinunulia paneli ndogo bila kuingoja serikali. Kuanzia 2012 M-KOPA ikaongeza malipo madogo ya kila siku kwa M-Pesa. Wakenya wamezoea kujijengea.

Msaada wa serikali umekuwa hasa ule wa kutotoza. Na hapo tumeyumba kama mlevi: sheria ya VAT ya 2013 ilivitoza kodi vifaa vya sola, 2014 vikasamehewa, 2020 vikatozwa tena, 2021 vikasamehewa tena. Mwagizaji aliyefunga mkataba katika mwaka mbaya anajua uchungu wake.

Mita inayorudi nyuma nayo imefika. Sheria ya Nishati ya 2019 iliiruhusu kwa mitambo isiyozidi megawati 1, na kanuni zake zikatoka 2024. Kwetu haikuwa moja kwa moja: uniti unayotoa huhesabiwa nusu. Yule wa Minnesota aliyechukua 200 na kutoa 120 alilipia 80. Kwa kanuni zetu atalipia 140. Kuna watakaosema ni uchoyo. Mimi, baada ya kuisoma historia hii, sioni ubaya wa kuanza na nusu. Waya zinahitaji kulipiwa, na mtu wa chumba kimoja Kayole mwenye mita ya tokeni hana paa.

Kitu ambacho nusu hiyo inahitaji ni uimara. Afadhali nusu ya miaka kumi kuliko nzima ya miaka miwili. Kwa hiyo kabla hujamwita fundi apande juu, uliza maswali matatu. Msaada huu umeandikwa wapi: kwenye sheria, kwenye kanuni, au kwenye tangazo tu? Utadumu miaka mingapi kwangu mimi niliyejiunga leo? Na hesabu yangu ingesimama kama ungeondolewa kesho? Kama jibu la mwisho ni ndiyo, weka sola yako bila wasiwasi. Kama ni la, basi unachonunua ni ahadi, na paneli ni nyongeza. Ahadi nayo ina bei yake.

Watunga kanuni wetu nao, kama wako wanaopita hapa, ombi ni moja: mkitaka kubadilisha, badilisheni kwa wanaokuja. Walio ndani waacheni na toleo lao.

Tuonane makala ijayo. Tutarudi kwenye hifadhidata.